Juliana Kanipata

Bukoba, Jumamosi, Novemba. Mvua imenyesha asubuhi, mchana jua likatoka kali, na jioni hii chini ya dirisha la hoteli watu wanaangalia angani kwa matumaini ya senene, panzi wetu wa kuliwa. Mimi siangalii angani. Nimekaa kitandani na kompyuta ya ofisi mapajani, miguu yangu bado ina tope la Kamachumu, na nina fahari ambayo sijui niiweke wapi.

Shajara yangu ya mtandaoni, najua wasomaji wako ni wanne na mmoja wao ni mimi. Haidhuru. Leo lazima niandike, maana fahari yenyewe si yangu yote, na kile kipande kilicho changu kina aibu ndani yake. Nianze na aibu.

Nilimwandikia Komeo sentensi mbaya.

Kwa asiyemjua, Komeo ni Novati wa Kamachumu, golikipa aliyelinda lango la timu ya taifa miaka ile baada ya vita na Uganda. Jina la Komeo alipewa na watangazaji wa redio kwa sababu lango lake halikufunguka ovyo. Lakini watu hawakumpenda kwa kudaka tu, walimpenda kwa mdomo wake. Ikitolewa penalti, alikuwa anatoka langoni na kumfuata mpigaji pale kwenye mpira, anamwinamia sikioni na kumuuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, umeaga kwenu?" Mpigaji akicheka, mpira unapaa. Akikasirika, unakwenda nje.

Nchi nzima inatutania sisi Wahaya kwamba tunajisifu. Inatuita nshomile, yaani mimi nimesoma. Zamani babu zetu walisimama na mkuki mbele ya mtawala wao wakajisifu mpaka jasho likawatoka, na ilikuwa heshima. Komeo aliifanya kazi hiyohiyo mbele ya straika, bila mkuki. Ndiye Mhaya pekee ninayemjua ambaye watu walilipa kiingilio ili wamsikie akijisifu.

Kwa hiyo kampuni moja ya simu ilipoleta mtandao wake Muleba, wilaya yenye Kamachumu, na kutupa sisi kazi ya matangazo, na bosi wangu Bwana Faraji alipouliza mezani nani awe sura ya kampeni, mimi nilinyoosha mkono kabla hajamaliza. Wenzangu pale ofisini Dar ni vijana, Komeo hawamjui. Nikawasimulia. Nikaigiza. Nikawainamia masikioni mmoja mmoja nikiwauliza kama wameaga kwao. Siku hiyo nilijiona mtu, lazima nikiri.

Halafu nikaandika tangazo. Komeo yuko langoni, inapigwa penalti, simu yake inaita. Anapokea. Mpira unampita, unatingisha nyavu. Anageuka kututazama, anatabasamu, anasema: "Acha liingie. Juliana kanipata!"

Kanipata, yaani kanipata kwenye simu. Bwana Faraji alicheka mpaka akavua miwani. Waliniuliza kwa nini Juliana, kwa nini si Neema au Rehema. Nikawajibu kwamba jina hilo limenijia lenyewe, linakaa vizuri mdomoni, tena lina harufu ya kwetu. Hayo ndiyo maneno niliyotumia. Zikachapwa fulana, likachapwa bango, na Alhamisi mchoraji akamaliza ukuta mkubwa pale Kamachumu senta: golikipa, simu, na maandishi mekundu yanayosomeka toka mbali.

JULIANA KANIPATA!

Jana Ijumaa tulifika kwa ajili ya mazoezi. Nilisimama mbele ya ukuta ule nikiwa nimeshika kiuno, nikitazama wapita njia wakisoma maneno yangu. Wanawake waliotoka sokoni walisoma, wakavuka barabara na kupita upande wa pili. Mzee mmoja alisoma, akavua kofia, akaivaa tena na kuondoka. Nilidhani wanastaajabia rangi.

Komeo alikuja uwanjani kwa miguu, amevaa koti, goti moja likimsumbua. Nilimpa karatasi. Aliisoma, akaitazama upande wa nyuma kama vile kuna mengine, akaisoma tena.

"Nani ameandika hii?"

"Mimi, Ta Novati," nikasema, nikimwita baba kwa heshima ya kwetu, kifua mbele.

"Wewe ni wa nani?"

"Wa Mwalimu Deogratias, wa hapo juu karibu na shule. Nimelelewa na shangazi yangu, Ma Leokadia."

Alinitazama kwa namna ambayo ilinifanya nirekebishe kola ya shati.

"Ma Leokadia yuko nyumbani?"

"Yupo, Ta."

"Basi nenda ukamuulize Juliana ni nani. Mimi nakungoja hapahapa."

Bwana Faraji aliuliza mzee anasemaje. Nikamwambia anataka nikamsalimie shangazi kwanza kabla ya kazi. Faraji ni mtu wa Tanga, anaheshimu mambo ya salamu. Akaniruhusu.

Shangazi alikuwa kibanjani, anapunguza majani makavu ya migomba kwa kisu. Nilimsalimia nikiwa nimepiga goti, akafurahi kuniona, akaanza kunilaumu kwa kukonda. Nikamuuliza nikicheka kabisa: Shangazi, eti Juliana ni nani?

Kisu kikasimama.

"Nani amekutajia?"

"Hakuna. Nimeandika mwenyewe, ukutani pale senta. Ni tangazo la simu."

"Umeandikaje?"

Nikamwambia nilivyoandika.

"Mawe!" akamlilia mama yake kwa Kihaya, akakaa palepale chini kwenye majani makavu.

Alinieleza akiwa amekaa hivyo, na mimi nimechuchumaa mbele yake. Baada ya vita vijana wengi wa huku walivuka mpaka kufanya magendo Uganda. Walirudi na sabuni, na chumvi, na nguo. Kulikuwa na shati moja la kung'aa likiitwa Juliana, ambalo kila kijana alilitaka na kila msichana alimtazama aliyelivaa. Kisha vijana walewale wenye mashati wakaanza kukonda. Hakuna aliyejua ni nini. Wengine walisema wamerogwa na matajiri wa Uganda waliodhulumiwa. Ugonjwa ukaitwa kwa jina la shati.

"Jina la ukimwi lilikuja baadaye, kwenye redio," shangazi akasema. "Sisi tulikuwa na hilo tu. Mtu anaumwa chumba cha pili, anasikia kila kitu, utasemaje? Ulikuwa unasema tu, Juliana kampata. Basi. Watu wanaelewa, wanaanza kupunguza sauti."

Na hapo ndipo nilipokumbuka.

Nilikuwa na miaka saba. Nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, na shangazi huyuhuyu alikuwa akiongea na jirani kuhusu baba, ambaye alikuwa ametoka hospitali siku hiyo. Alisema Juliana kampata. Nilidhani Juliana ni mwanamke. Nilimjengea sura: mrefu, viatu vya visigino, anakaa Bukoba mjini, ana redio yake. Nilimchukia mwanamke yule kwa roho yangu yote. Siku ya mazishi ya baba niliwatazama wanawake wote mmoja mmoja, nikimtafuta, nikitaka kuona kama atakuwa na uso wa kuja kulia kwetu. Mwaka uliofuata mama naye akafa, na nilichoshindwa kuelewa ni Juliana alitaka nini kwa mama.

Kisha nikakua. Nikaenda bweni Kashozi, nikaenda Dar. Nikajua ukimwi kwa jina lake la vitabuni, nikajua kwamba ndio uliowachukua wazazi wangu wote wawili. Lile jina lingine likazama mahali ndani yangu, na lilipoibuka miaka yote hii baadaye, likiwa zima, na kitenzi chake kilekile, nililidhani ni kipaji.

Nilidhani nimebuni.

Shangazi hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Aliokota kisu chake akasema, "Kesho siji huko uwanjani, mwanangu. Na wengi hawatakuja. Watakaokuja watakuja kwa heshima ya Novati." Nilikuwa nimemletea fulana.

Nilirudi nikamwambia Bwana Faraji kila kitu, nimesimama, bila kupamba. Si mtu mbaya. Alivua miwani, akaifuta kwa shati. Halafu akasema watu wa kampuni wanafika kesho asubuhi kwa ndege, tangazo wameshalisaini, fulana zimeshachapwa, na huko kwingine kote nchini hakuna anayejua hadithi ya shati. "Kwao ni jina tu, Dativa. Mzee aseme kama ilivyoandikwa. Akikataa, kuna mchekeshaji kijana Dar anaingoja nafasi hiyo, na mimi na wewe tutajieleza kwa mkurugenzi."

Kwa hiyo hesabu ilikuwa hiyo. Ama Komeo asimame mbele ya watu wa kwao, watu ambao hakuna nyumba kati yao isiyo na kaburi la miaka ile, aseme kwa tabasamu kwamba Juliana kampata, ama apoteze kazi yake ya kwanza tangu atundike glavu. Na aliyemwingiza kwenye kona hiyo ni mimi, binti wa hapohapo, nshomile.

Nilimkuta amekaa chini, ameegemea mlingoti wa goli, anatafuna kahawa. Akanigawia punje mbili tatu. Nikakaa, nikamwomba msamaha, na nililia, siwezi kuficha. Alisubiri nimalize.

Akaniambia kwamba wakati wa vita, siku mabomu yalipoanza kusikika upande wa Kyaka, nyumbani kwao kila mtu alikimbia na kitu. Mama yake alipogeuka njiani kuangalia wanawe wamebeba nini, akamkuta yeye amebeba mpira. Alichapwa hapohapo barabarani, watu wakikimbia pembeni yao. "Ndipo nilipojua mimi ni golikipa," akasema. "Hata kwa hofu siachii mpira."

Kisha akanihesabia timu ya Kamachumu aliyoanza nayo. Alitaja majina polepole, namba kwa namba. Miaka ile alikuwa akipewa ruhusa kwenye kambi ya timu kila mara kuja kuzika, na msibani watu walimwomba aongee, kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kuwafanya wacheke. "Tumebaki mimi na winga wa kushoto," akamaliza. "Na winga wa kushoto haniongeleshi kwa sababu ya ng'ombe."

Nilicheka huku machozi hayajakauka. Yeye hakucheka.

"Penalti anapiga nani kesho?"

"Mwalimu wa michezo wa sekondari."

"Mwambie apige kweli, asinionee huruma. Na simu iite kweli."

"Utasema nini, Ta?"

"Sijui. Sijawahi kujua kabla. Ukijua kabla, na mpigaji anajua."

Basi ndiyo leo.

Watu walikuja. Si wengi kama Bwana Faraji alivyoahidi, lakini walikuja, wakasimama mbali na bango kuliko walivyotakiwa. Mshereheshaji tuliyetoka naye Dar alipiga muziki, akarusha fulana, akauliza kwa sauti yake yote: "Juliana yuko wapiii?" Hakuna aliyejibu. Akagonga kipaza sauti akidhani kimezimika. Akauliza tena. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni ya jukwaa nikitamani nikanyagwe na gari letu wenyewe.

Nikamwona shangazi. Alikuwa nyuma kabisa, na kitenge chake cha kanisani, mwavuli umefungwa mkononi. Alikuwa amesema haji. Sikuthubutu kumpungia.

Komeo akatoka. Alivaa jezi yake ya zamani ya kijani, imembana tumboni, na glavu. Alikwenda mpaka kwenye mpira, akamwinamia yule mwalimu, na kipaza sauti kidogo kilichobanwa kifuani kikatupa sisi wote maneno yake.

"Mwanangu, umeaga kwenu?"

"Nimeaga, Ta Novati."

"Wakakubali?"

Watu wakacheka, kicheko kifupi cha kuazima. Akarudi langoni. Mwalimu akarudi nyuma hatua zake. Simu ikaita.

Komeo akamwinulia mwalimu mkono, subiri kwanza. Akavua glavu moja kwa meno, akatoa simu. "Haloo?" Akasikiliza. "Nani?" Akasikiliza tena. "Juliana?"

Kilichofuata ni ukimya ambao sijawahi kuusikia uwanjani. Komeo aligeuka taratibu, akalitazama lile bango nyuma ya goli lake, akalisoma kama vile ni mara ya kwanza, kisha akawageukia watu.

"Aa, Juliana. Wewe mwanamke una namba za watu wengi hapa."

Akahamishia simu sikio la pili.

"Ulimpigia beki wangu wa kulia. Ukampigia wa kushoto. Ukampigia kocha, na kocha alikuwa katekista! Mimi nikabaki golini peke yangu, najiuliza, huyu mama mimi amenidharau nini?"

Mahali fulani mwanamke akaangua kicheko, kimoja, kikali, akajiziba mdomo. Komeo akapunguza sauti, na sasa hakuwa akitania, au alikuwa akitania kwa namna ile ya msibani ambayo mimi nilikuwa mdogo mno kuijua.

"Sasa nisikilize. Ulikopiga kunatosha. Hapa Kamachumu umekosea namba. Usirudie."

Akakata simu. Akaiweka chini kwa adabu kando ya mlingoti, akavaa glavu.

"Haya, mwalimu. Piga."

Mwalimu alipiga kweli. Komeo hakuruka, goti lile haliruki tena. Alianguka upande wake wa kushoto kama gunia, na mpira ukamkuta tumboni, na hapo ndipo ulipobaki. Aliukumbatia akiwa amelala kwenye tope.

Siwezi kuieleza ile sauti. Vigelegele vilianzia upande wa wanawake wa sokoni, vikazunguka uwanja, wazee wakarusha kofia, watu waliokuwa wamesimama mbali wakaingia uwanjani. Walikuwa wanacheka na wanalia na hawajali ni lipi. "Umekosea namba!" wakapiga kelele, tena na tena. "Umekosea namba!" Yule winga wa kushoto, niliyeonyeshwa baadaye, alikuwa wa kwanza kumfikia na kumnyanyua. Sijui kuhusu ng'ombe.

Bwana Faraji alikuwa amepauka. Mama mmoja mkubwa wa kampuni, aliyefika kwa ndege asubuhi, alikuwa akicheka na wengine bila kujua anacheka nini, mpaka alipomwona bibi kizee pembeni yake akifuta macho, akamuuliza. Bibi akamweleza. Nilimwona yule mama akiacha kucheka, akasikiliza mpaka mwisho, akamshika bibi mkono. Kisha akaja kwetu akasema ukuta ubadilishwe, fulana hizo zisigawiwe tena, na maneno ya kampeni kuanzia leo ni yale ya mzee. Mpaka Dar, mpaka Tanga, mpaka Mtwara: umekosea namba. Wenye kujua watajua, na wasiojua watacheka tu.

Faraji akanivuta pembeni. "Mhaya wewe, sema ulipanga."

Shajara, ilikuwa rahisi. Neno moja tu, na ningerudi ofisini nikiwa mtu mkubwa. Nikamwambia sikupanga. Nikamwambia sentensi yangu ilikuwa kosa na hii ni ya Komeo, na kwenye mkataba mpya iandikwe hivyo, kwamba mwandishi ni yeye. Akanitazama, akasema sawa. Hiyo ndiyo fahari yangu mimi. Ni ndogo, lakini naikalia hapa kitandani kama malkia.

Sasa nikiri la mwisho.

Watu walipokuwa wakipiga kelele kwamba amekosea namba, mimi nilinyamaza, kwa sababu kwetu hakukosea. Alipigia nyumba ileile mara mbili, akampata baba, akampata mama. Nilisimama katikati ya furaha yote ile nikiwa na miaka saba. Ndipo nikasikia mtu anacheka nyuma yangu, kicheko kirefu cha kukosa pumzi, na nikageuka nikaona ni shangazi. Ameinama, ameegemea mwavuli, machozi yanadondokea kitenge cha kanisani. Miaka ishirini nimelelewa na mwanamke huyu na sikujua anacheka hivyo.

Alinishika bega ajizuie asianguke. "Deogratias angekufa kwa kicheko," akasema. "Yeye na Novati, hapa kijijini, hakuna aliyewaweza kwa utani. Novati alijifunza kwake, unafikiri alijifunzia wapi? Hayo ya umeaga kwenu ni ya baba yako."

Nilimwomba arudie. Akarudia, akashangaa kwamba sijui.

Sikujua. Ninajua tarehe aliyokufa, ninajua kaburi lake, ninajua uzito wake siku za mwisho kwa sababu watu walikuwa wanautaja. Nina miaka ishirini na saba, kazi yangu ni kuwachekesha watu, na sikujua baba yangu alikuwa anachekesha.

Kesho baada ya misa ya kwanza narudi Kamachumu. Nitakaa jikoni kwa shangazi nimmenyee ndizi, na nitamwomba anisimulie utani wote wa baba anaoukumbuka, hata ule usiofaa mbele ya watoto. Akichoka, nitakwenda kwa Ta Novati.

Ila swali hili linanisumbua, na mvua imeanza tena: kwa nini miaka yote hii sikuwahi kuuliza lolote kuhusu baba, ila alikufa kwa nini?